Mama Mkwe wa Kofia ya Njano

Nilimjua mama mkwe wangu kwa miguu yake kabla sijamjua kwa kitu kingine chochote. Ilikuwa miguu mipana, visigino vimeshika udongo mwekundu wa Shinyalu usiotoka hata kwa sabuni, na ndiyo sehemu yake pekee iliyoonekana chini ya pazia. Alizaliwa mwaka gani na ni wa ukoo upi, waulizwe wanaopenda kuhesabu koo. Mimi nitasema niliyoyaona na kuyasikia, na hasa yaliyonishtua, kwa sababu mama huyo alinishtua tangu mwanzo hadi mwisho na sijazoea mpaka leo.

Kwanza nieleze jambo ambalo sisi wenyewe huwa hatuelezani. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawali wakionana, na wakiwa na neno la kuambiana wanampitishia mtu wa tatu. Si uadui. Ni heshima, tena nzito, na inaendelea hivyo mpaka familia zipange siku, mkwe alete blanketi na kondoo, watu wale washibe, kisha mama aonyeshwe mkwe wake na mkono upeanwe. Miaka hiyo ya tisini walikuwapo waliokwisha kuyaacha hayo. Mama mkwe wangu hakuwa mmoja wao.

Nilipokuwa bado mgeni katika ndoa, nilikwenda Shinyalu kupeleka sukari na majani ya chai, nikamwona kwa mbali anakuja kwenye kijia na mzigo wa kuni kichwani. Kabla sijaamua nipite wapi, alikuwa ameshaingia kwenye shamba la majani chai la jirani, mzigo na yote, akainama humo ndani. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilipita nikiangalia upande wa pili kama mtu aliyeajiriwa kulinda ua. Jioni mke wangu akaniletea ujumbe: "Mama anasema siku ingine utembee haraka. Amenyeshewa."

Mara nyingine ilikuwa Lubao, siku ya soko la mifugo. Nilimkuta amejificha nyuma ya fahali wa mtu asiyemjua, anamsemesha kwa sauti ya chini kana kwamba wanapatana. Mwenye fahali alibaki mdomo wazi. Nilipopita ndipo akaondoka zake bila kumweleza yule mtu chochote.

Huyo ndiye mtu ninayemsimulia. Alikuwa pia mama wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani, na aliwahi kusimama mbele ya ibada kuwakemea vijana waliokuwa wakishinda kwenye vibanda vya video pale sokoni. Sasa nisikilizwe.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutengeneza televisheni na redio. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja kikubwa mjini Kakamega, mimi, mke wangu na mtoto wetu Linet aliyekuwa bado ananyonya. Mama mkwe akaanza kusumbuliwa na macho, na ikambidi aje mjini kliniki mara kwa mara. Kulala kwangu hangethubutu. Alilala kwa rafiki yake wa kanisani, upande wa pili wa barabara. Lakini mchana, akitoka kliniki na dawa ya matone machoni, alihitaji mahali pa kupumzika karibu na binti yake. Mke wangu akatundika shuka la maua katikati ya chumba, kutoka ukutani mpaka kwenye meza ya televisheni. Upande mmoja kitanda na mama yake. Upande wa pili mimi, vyuma vyangu na kiti. Televisheni ilikuwa pale mwisho wa shuka, ikitazama pande zote mbili, kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kuiweka.

Na juu ya televisheni palikuwa na gemu. Nilikuwa nimeinunua Kisumu, ile ya kaseti ya kuchomeka, yenye vidude viwili vya kushika mkononi kila kimoja na waya wake. Kaseti niliyoipenda ilikuwa na vijitu viwili, kimoja kofia ya bluu, kingine kofia ya njano, vinavyokimbia kuelekea kulia. Kazi yao ni kukimbia na kuruka: wanaruka mitaro, wanaruka nungunungu, wanainama ndege wakiwajia, wanapanda juu ya magogo yanayoelea, wanaokota matunda hewani. Nchi inafunguka mbele yao kidogo kidogo na nyuma inafungwa, hairudiki. Na wote wawili lazima waende pamoja. Mmoja akibaki nyuma, nchi inasimama kumsubiri.

Mke wangu alicheza nami ili nisicheze peke yangu, na alicheza vibaya. Alikaa upande wa mama yake, kitandani, waya umepita chini ya pazia, na kila mara kofia ya njano ilitumbukia kwenye mtaro wa kwanza. Niligombana naye sana juu ya huo mtaro. "Ruka ukiwa mwisho wa ukingo, si mapema!" Naye anajibu kwamba ana mtoto, ana nepi, na mimi nina mtaro.

Basi alasiri moja kofia ya njano ikavuka. Ikavuka mtaro, ikamruka nungunungu, ikapanda gogo, na pale juu ikasimama ikinisubiri. Nikasema, "Leo umeamkia wapi wewe?" Sauti ya mke wangu ikanijibu kutoka nje, kwenye kamba ya nguo. Alikuwa anaanika nepi.

Nilishtuka hata nikasahau kubonyeza. Kofia yangu ya bluu ikatembea yenyewe mpaka majini. Ndani ya chumba tulikuwa mimi, mtoto, na yule asiyepaswa kuwa na mimi chumbani. Kisha kutoka nyuma ya shuka nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa ukaribu huo.

"Linet," ilisema, "mwambie baba yako aangalie mbele."

Linet alikuwa hajaanza hata kutambaa. Lakini alikuwa mtu wa tatu, na sheria haikusema mtu wa tatu awe na umri gani.

Tukaanza hivyo. Sikumwambia mtu, na mke wangu alipojua aliziba mdomo kwa mkono, akaketi chini, akatazama, halafu akatoka nje kabisa akaenda kwa jirani. Toka siku hiyo hakukigusa tena kile kidude, na nadhani alifurahi kukiachia mtu mwingine.

Nilijiuliza mara nyingi mama mzima, mkulima wa mahindi na maharagwe, mjane, mtu wa ibada, alikuwa amependa nini katika kitu kile. Nilimsikia akikieleza, kwa kumpitishia Linet au binti yake, na kila alichosema kilinishangaza. Alipenda kwamba mtu akianguka anaamka palepale. "Huku hakuna wa kukucheka," alisema. "Kwetu ukianguka njiani mara moja wanaongeanga mpaka Krismasi." Alipenda ule mruko wenyewe. Alisema kuna wakati kidole kikibonyeza sawasawa, mwili wake wote unasikia mwepesi, na kwamba hajasikia hivyo tangu akiwa msichana wa kuvuka mto Isiukhu kwa mawe. Zaidi ya yote alipenda kile kinachofichwa na ukingo wa kioo. Tukimaliza kilima, mimi nataka kupumzika, yeye hataki. "Mwambie huyo tuende kidogo tu. Nataka kuona kwa kile kilima kingine iko nini." Na kwenye kile kingine palikuwa na kilima kingine, nilimwambia mapema, lakini hakunisikiliza.

Kuna siku aliniambia jambo ambalo mpaka leo linanirudia. Alisema tangu mumewe afe hajawahi kwenda mahali bila kuulizwa anakwenda wapi, kwa nani, na atarudi saa ngapi. "Huyu wa njano haulizwangi," alisema. "Anaendanga tu."

Kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kumtazama, nilimsoma kupitia kofia ya njano. Hapo ndipo nilipomfahamu, na nathubutu kusema nilimfahamu kuliko watoto wake. Hakukurupuka. Kabla ya mahali pagumu alisimama, na nyuma ya shuka nilisikia midomo inakwenda. Mwanzoni nilidhani anahesabu, kumbe anaomba. Aliombea mitaro. Alikuwa mchoyo wa matunda, akiyaona anayafuata hata mahali pa hatari, lakini ule moyo mwekundu unaoongeza uhai aliniachia mimi kila mara, hata mimi nikiwa na mingi na yeye hana. Nikimwambia achukue, alijifanya hajasikia. Kuku wake alimleta kwangu namna hiyohiyo, kwa kumpitishia binti yake, na maneno haya: "Mwambie huyo hii ingokho si yangu, nimeiokota njiani." Kuku aliyeokotwa, miguu imefungwa vizuri kwa kamba ya mkonge. Kula nasi hakula hata tonge. Obusuma wake, ugali wa kwetu, alipelekewa ng'ambo ya barabara, umefunikwa.

Na hakunipenda nikichelewa, kama mimi nisivyompenda akichelewa. Tuligombana. Niseme ukweli, sijawahi kugombana na mtu yeyote vile. "Mwambie bibi yako aruke, ananing'ang'ania nini hapo!" nilisema nikimtazama mtoto. "Mwambie baba yako ameniacha juu ya gogo, yeye ndiye hana akili." Mtoto anacheka.

Siku moja shemeji yake, ndugu wa marehemu mumewe, alikuja kutoka Shinyalu kumtafuta kwa habari ya kikao fulani cha nyumbani. Alikuwa mzee wa fimbo na koti. Akaingia, akanisalimia, akauona waya umepita chini ya shuka. Akaufuata kwa macho mpaka mwisho wake. Nilitaka ardhi ipasuke.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya kutetemeka, "ni kweli unachezanga na mkwe?"

"Mkwe ako wapi?" alijibiwa. "Unaona mkwe hapa? Mimi niko na hii ya njano. Hiyo ya bluu hata sijui ni ya nani."

Mzee alisimama kwa muda akitafuta kosa katika jibu hilo. Kisha akaketi ili alitafute vizuri. Baadaye nikamsikia akiuliza, "Na hiyo ndege ikikuja?" "Unainama," aliambiwa. Aliondoka jioni akiwa amesahau kilichomleta, na ikabidi apande gari tena siku iliyofuata.

Mimi nilitaka lile pazia liondoke. Nilikuwa nimepata kondoo, mke wangu alikuwa amechagua blanketi, wazee wa pande zote walikuwa tayari. Aliyekataa ni mama mkwe mwenyewe. "Bado," alisema. "Daktari amesema nivumilie, yatapona. Ngoja yapone. Siwezi kuonyeshwa mkwe na huku naona ukungu. Nataka siku hiyo nimwone vizuri." Nani angembishia? Niliona hata fahari kidogo, kwamba kuna mtu anayetunza macho yake kwa ajili ya sura yangu. Tukasubiri. Kliniki ikafuata kliniki.

Halafu kofia ya njano ikaanza kufa.

Mwanzoni ilikuwa nungunungu. Nungunungu huyo huingia kutoka ukingo wa kulia, anatembea polepole, hata mke wangu alikuwa anamruka. Mama mkwe alimngoja mpaka akamgonga. Nikadhani amesinzia. Kesho yake tena. Kitu chochote kilichotokea pembeni kilimkuta amesimama, na ghafla kikifika katikati anaruka kwa hofu, ameshachelewa. Vilivyokuwa katikati aliviona sawasawa kama zamani.

"Hii kidude imeharibika," alisema.

Nikakifungua. Mimi ni fundi, nilikuwa na furaha kwamba ni jambo la ufundi. Nikasafisha vibonyezo kwa spiriti, nikabadilisha waya. Akafa tena. Nikasema basi ni televisheni, picha imekatwa pembeni. Nikaifungua nayo, nikaigusa huku na huku, nikaipanua picha mpaka matunda yakanenepa. Akafa tena. Nikaenda kuchuchumaa karibu na ukingo wa shuka, upande wangu, usawa wa kitanda, ili nione anachokiona yeye. Nilikiona kioo chote, kona zake zote nne, bila kasoro yoyote.

Ndipo nikaelewa, na nikabaki nimechuchumaa hapo na bisibisi mkononi. Niliogopa. Dunia ilikuwa inamfunga mama wa watu kutoka pembeni kuja katikati, na wa kwanza kujua katika familia nzima ni mimi, nisiyeruhusiwa kumtazama usoni. Nilimwambia mke wangu usiku wakati wa chakula, akaacha kula. Alipomuuliza mama yake, alijibiwa kwamba ni kidude, na kwamba daktari amesema nini? Amesema yatapona.

Kwa hiyo nikaanza kumsafishia njia. Nilitangulia na kofia ya bluu, nikawaondoa nungunungu kabla hawajafika kwake. Nikiona ndege anaingia, mimi ndiye niliyejipeleka. Akichelewa nilinyamaza. Nilimwambia Linet amwambie bibi yake asiwe na haraka. Mke wangu aliona, akasema nimefanya vizuri, na mimi niliona hivyo.

Hatukumaliza hata kilima. Kofia ya njano ilisimama, ikageuka huku na huku mahali patupu, mahali ambapo zamani palikuwa na vitu vya kuruka. Nikasikia kidude kinawekwa chini sakafuni, taratibu.

"Mwambie huyo," alimwambia binti yake, "mimi si mgonjwa wake."

Akachukua kikapu, akavuka barabara. Baada ya hapo akija kliniki alipumzika kwa rafiki yake hukohuko, na mke wangu ndiye aliyemfuata. Shuka tuliliacha limetundikwa. Gemu nikaipanga na redio zilizokufa.

Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha nilipoitwa Shinyalu. Mke wangu alikuwa ametangulia na mtoto, akatuma neno kwamba mama ananitaka, na kwamba nisilete kondoo. Hilo la kondoo lilinitia wasiwasi. Nilifika mchana, nikakuta mlango wa nyumba kubwa uko wazi. Nikasimama nje nimeupa mgongo, kama inavyotakiwa, nikakohoa.

"Ingia."

Sauti ilikuwa yake, na haikupita kwa mtu yeyote. Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Moshi ulikuwa unatoka jikoni, nyumba ya pembeni.

"Mama, blanketi bado hatujaleta," nilisema nikiuambia uwanja.

"Nimesema ingia. Sikuoni."

Nilidhani ni namna ya kusema. Nikaingia kinyumenyume, nikajigonga kwenye meza, nikageuka. Alikuwa ameketi akielekea mlangoni, na uso wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoufikiria miaka yote. Mwanga wa mlango ulimpiga machoni moja kwa moja na hakupepesa.

"Hii ya kulia ilienda kwanza," alisema. "Hii ingine imeenda wakati wa kupalilia. Keti."

Niliketi. "Lakini daktari alisema yatapona."

"Daktari hakusema hivyo. Ni mimi nilisema. Yeye aliniambia hiyo siku ya kwanza kabisa, yenye imeenda haitarudi, na hii imebaki itafuata polepole."

Siku ya kwanza kabisa. Kabla ya shuka, kabla ya mtaro wa kwanza. Nilihisi kama mtu aliyepigwa kofi. Tulikuwa tumengoja miaka na kondoo wetu kitu ambacho yeye peke yake alijua hakiji.

"Sasa mbona ulituambia tungoje?"

"Mngenionyesha wewe, hiyo pazia ingetolewa," alisema. "Ungeniangalia macho, ungejua. Halafu ungeanza kunichezea vile ulikuja kunichezea." Aliiweka mikono yake magotini. "Hawa wote walikuwa wananishika mkono mpaka chooni. Wewe tu ndio ulikuwa unanigombeza nikichelewa. Nilitaka hiyo ikae kidogo."

Nikaitazama miguu yake, ile ya chini ya pazia.

"Na kukuona nilitaka," alisema. "Usidhani sikutaka. Nilifikiria labda nitabakisha kidogo ya hiyo siku. Sikubakisha." Akanyoosha mkono mbele yake, ukawa unangoja hewani. "Leta uso."

Sijui kama wazee wangeruhusu. Sikuwaza wazee. Nilisogeza kiti, nikainama, na mkono uleule ambao sheria ilikuwa imeukataza kwangu miaka yote ukanishika paji la uso. Ulikuwa mkavu na mzito. Ulishuka kwenye nyusi, ukapita puani, ukaenda kuyapima masikio yote mawili. "Makubwa," alisema, "na huyu msichana hakuniambia." Kisha vidole vikafika mashavuni, vikasimama.

"Unalia nini?"

"Futa," aliniambia. "Nataka kukuona vizuri."

Nikajifuta kwa mkono wa shati, nikaurudisha uso chini ya mkono wake.